Mfuko wa Kushoto

"Dokta, kile kichupa cha pili ulimkabidhi nani?"

Mkuu wa maabara aliuliza hivyo huku akikoroga chai, kama mtu anayeulizia kalamu yake. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, dirisha liko wazi, na nje wagonjwa walikuwa wakigombania kivuli cha ukuta. Daktari aliyeketi mbele yake alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwembamba, ambaye wauguzi walimpachika jina la Dokta Mbio kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akitembea.

"Kichupa gani?"

"Cha yule dereva wa lori aliyefariki jana. Fomu yako ya Alhamisi inasema vichupa viwili vya damu. Mimi nina kimoja."

Mkuu huyo wa maabara alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani minene, na nyuma ya mgongo wake watu walimwita Darubini. Alisogeza kikombe pembeni akamweleza yote. Damu ya dereva ameipima, na jibu limetoka asubuhi hii: ni homa yenyewe, ile ya kutokwa damu. Amepiga simu maabara kuu, nao wanataka kichupa cha pili ili wathibitishe. Yeye muda wote alidhani mwenzake anayepokea sampuli dirishani amekiweka kwenye friji nyingine. Amefungua friji zote, hata ile ya chakula, Mungu amsamehe, na kichupa hakipo.

Sasa tuelewane kabla hatujaenda mbali. Hospitali ile ilikuwa na sheria ya sampuli, imebandikwa ukutani juu ya dirisha la kupokelea, kwa herufi kubwa za kusomeka hata na mwenye mtoto wa jicho. Daktari anayetoa damu ya mgonjwa anayeshukiwa kuwa na homa ya kuambukiza ndiye mwenye dhamana nayo. Aandike jina palepale kitandani. Aifunge mara tatu. Aibebe ndani ya kisanduku chekundu chenye kufuli, si vinginevyo. Aikabidhi kwa kuhesabu mbele ya anayepokea, ndipo wote wawili watie saini. Ikipotea au ikimwagika, amwarifu afisa wa afya ndani ya saa moja tangu agundue, na asipofanya hivyo ni kosa la jinai: leseni inakwenda, na mwenyewe anaweza kwenda jela. Dokta Mbio alitia saini karatasi hiyo siku alipoajiriwa. Na aliisoma, maana hakuwa mzembe hata kidogo.

Ila kisanduku chekundu kilikaa kabatini, kabati lilikuwa na ufunguo, ufunguo alikuwa nao mhudumu, na mhudumu Alhamisi ile alikuwa amekwenda kunywa chai. Madaktari wote pale walikuwa na dawa ya tatizo hilo, nayo ni mfuko wa koti. Unakitumbukiza kichupa kwenye kidole cha glovu, unapiga fundo, unatia mfukoni, dakika mbili uko dirishani. Wamefanya hivyo miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyekufa. Mdharau mwiba mguu huota tende, sawa, lakini nani ana nafasi ya kukumbuka methali akiwa na wagonjwa sitini kwenye foleni?

Tena yeye alijiona mwangalifu kuliko wenzake. Vichupa vya plastiki vilikuwa vimekwisha tangu mwezi uliopita, wakawa wanatumia vya kioo, vile vya zamani. Akaogopa visije vikagongana vikapasuka. Kwa hiyo kimoja akakitia mfuko wa kulia, kingine mfuko wa kushoto.

Alipofika dirishani alitoa cha kulia. Mpokeaji alikitazama kile kifundo cha mpira kwa namna ambayo mtu humtazama nyoka aliyelala, akakivuta kwa ncha za vidole mpaka kwenye trei, akatia saini penye idadi ya fomu: viwili. Hakufungua, hakuhesabu, na ungekuwa wewe usingefungua. Dokta naye mkono ulikuwa unaelekea mfuko wa kushoto pale muuguzi alipomvuta kiwiko: kuna mama anajifungua, damu haikatiki, njoo sasa hivi. Akatia saini huku ameshageuka, akakimbia. Koti alilivua mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akalisokomeza kwenye mfuko wa plastiki wa nguo chafu, na mpaka jioni akawa ndani ya nguo za kijani. Yule mama alipona, na mtoto wake pia. Jioni daktari akachukua mfuko wake wa nguo chafu, kama siku zote, akaenda nao nyumbani. Hivyo ndivyo watu wawili waliosomea kazi hiyo walivyoshindwa kuhesabu mpaka mbili, mmoja kwa woga na mwingine kwa haraka.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia. Dokta Mbio aliyakumbuka yote hayo kwa mkupuo, pale kitini. Koti liko nyumbani. Jumamosi ni siku ya kufua. Na anayefua si mashine, ni mama mkwe wake, kwa mikono yake miwili.

"Dokta," Darubini alimwita.

"Kilikuwa kwenye koti langu."

"Kilikuwa nini?"

"Kichupa. Kilibaki kwenye koti. Koti liko nyumbani."

Darubini alivua miwani akaifuta kwa upindo wa shati, kisha akainuka akafunga mlango. Aliporudi alizungumza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha daktari kuliko habari yenyewe, kwa sababu mzee huyu alijulikana kwa kuongea kama anahutubia.

"Mwanangu, sikiliza. Mpokeaji wangu ametia saini viwili. Wewe umetia saini viwili. Tukiipeleka hii habari juu, tunakwenda na maji wote watatu. Mimi nimebakiza miezi saba nistaafu." Alivuta droo akatoa fomu tupu, akaiweka mezani kati yao. "Hii ni karatasi tu. Unajaza upya, unaandika kichupa kimoja, unatia saini. Ya zamani naichana. Maabara kuu nitawaambia damu ilikuwa kidogo. Nenda nyumbani, chukua hicho kichupa, kiteketeze. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyekosa."

"Na kama kimevunjika?"

"Usiombe mabaya."

Alitazama ile fomu tupu. Mkono wake ulitamani kalamu, nisimsingizie utakatifu. Miaka saba ya chuo, miaka sita ya kazi, mumewe yuko mji mwingine kwa kibarua cha mkataba, nyumba nzima imeegemea leseni moja. Alitazama saa ya ukutani: saa nne na dakika kumi.

"Nipe nafasi nikaangalie kwanza," alisema, akatoka.

Siku hiyo hakukimbia. Wauguzi walimwona akipita ukumbini taratibu, ameshika ukuta, mmoja akamtania, "Dokta leo breki zimeshika?" Hakumsikia. Nyumbani kwake palikuwa mtaa wa tatu kutoka hospitali. Alipita duka la vitabu vya shule, alipita kwa fundi viatu, alipita mahali palipochimbwa bomba, na njia nzima alikuwa akihesabu siku. Alhamisi damu imetoka. Jumamosi koti limefuliwa. Leo Jumatatu. Homa hiyo, kwa mujibu wa vitabu, huweza kuanza siku ya pili, huweza kuchelewa wiki tatu. Ambaye hajaanza kuugua hamwambukizi mtu. Sentensi hiyo aliirudia kila baada ya hatua kumi.

Mama mkwe wake alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tatu, mnene wa mikono, mwenye mzaha wa kukufanya ucheke, kisha baadaye ujiulize kama hukutukanwa. Alihamia kwao mtoto alipozaliwa, na tangu siku ile hakuna nguo nyeupe iliyoguswa na mashine. Mashine hulowesha, alisema, haifui. Wala hakutaka dawa za kung'arisha, maana zinakula kitambaa. Sabuni ya mche, jua na misuli vilimtosha. Dokta Mbio, ambaye hospitalini aliwafokea wanaume waliomzidi kimo, hakuwahi hata mara moja kumbishia mama huyu, hata chumvi ilipozidi. Alimheshimu, alimpenda, na alimwogopa, vyote kwa pamoja, kama wake wengi walivyo na wakwe zao.

Alimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, anamlisha mjukuu uji kwa kijiko. Mjukuu alikuwa msichana wa miaka mitatu ambaye domo lake halikujua kupumzika, wakamwita Kisauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?" Mama mkwe hakugeuka. "Maana kukuona wewe saa hizi ni kama kuona kupatwa kwa jua."

"Mama, lile koti lililokuwa kwenye mfuko wa plastiki."

"Limefuliwa, limepigwa pasi, liko kabatini. Unataka na hati ya makabidhiano?"

"Mifukoni hukukuta kitu?"

"Mifuko yako wewe ni jaa. Juzi pamba, jana kipande cha mkate, siku ile kifuniko cha sindano. Ndiyo nini kuuliza leo?"

Hapo ndipo alipouona mkono. Ulikuwa mkono wa kulia, ule ulioshika kijiko, umezungushiwa kitambaa cha kanga kuukuu kwenye shina la kidole gumba. Kitambaa kilikuwa kimeloa kidogo uji.

"Mama, mkono umefanya nini?"

"Kioo chako." Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua imenyesha. "Kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye mpira, mimi sina habari, nimelikamata koti nalisugua hivi, nikasikia kah. Kikaniingia hapa. Kidonda chenyewe si cha kumfanya mtu alale chini, nikasuuza, nikafunga. Vipande nilivichoma na taka."

"Hukuniambia."

"Nikwambie nini? Unarudi umechoka mpaka unakula umesimama, halafu mimi nianze na habari za kidole. Acha."

"Maji yalibadilika rangi?"

"Kidogo. Nikajua ni damu yangu."

Dokta Mbio alichuchumaa mbele ya kigoda. Alijitahidi kuuliza lililobaki kwa sauti ya daktari, si ya mkwe, na sauti hiyo ikamtoka nyembamba.

"Unajisikiaje, mama?"

"Vizuri tu. Kichwa ndicho kizito tangu jana, na viungo kama nimepigwa. Ni hili jua."

Tangu jana. Ile sentensi aliyokuwa akiirudia njiani ikavunjika palepale. Akanyoosha mkono amvute mtoto, na Kisauti, aliyekuwa ananogewa na uji, akamsukuma, akahamia kwenye paja la bibi yake, akafungua mdomo asubiri kijiko kingine. Mama mkwe akampa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alisogea mpaka mlangoni mwa jikoni.

"Umekipata?" Ilikuwa sauti ya Darubini. "Fomu iko tayari, nimekujazia kila kitu. Bado saini yako tu."

"Mzee, kilimkata."

"Una hakika ni kichupa hicho?"

"Nina hakika."

"Labda hataugua. Si wote wanaokatwa huugua. Dokta, fikiri. Ukisema, wanamchukua leo, wanamlaza chumba kilekile alichofia dereva. Umekiona kile chumba. Akiwa hana homa, watakuwa wamempelekea homa wenyewe. Mtazame nyumbani kwa siku chache, wewe si daktari? Ukiona dalili, ndipo useme."

Na uchungu wa jambo hili ni kwamba maneno yale hayakuwa ya kipumbavu. Chumba kile alikijua. Godoro lake lilikuwa na mpasuko, maji yalitoka asubuhi tu, na wahudumu walisukuma chakula kwa ufagio. Alimwona dereva akifia mle akiita mtu ambaye hawakumjua. Sasa akamwona mama huyu, na mizaha yake, peke yake mle ndani. Alikaribia sana kusema haya, mzee, nakuja kutia saini.

Uani Kisauti alikuwa amemaliza uji. Bibi yake alimfuta mdomo kwa kile kitambaa cha mkononi.

Dokta Mbio alikata simu bila kuaga. Akatafuta namba ya afisa wa afya, akapiga kabla hajapata nafasi ya kujishauri. Alisema alilolazimika kulisema na si zaidi: sampuli moja ya mgonjwa wa homa haipo, huenda ilifika nyumbani kwangu ndani ya koti, njooni. Ilikuwa saa tano kasoro dakika nane. Kisha akampeleka mtoto ndani, akamwashia televisheni, akafunga mlango, akarudi uani, akapiga magoti mbele ya kigoda na kumweleza mama mkwe wake kila kitu, kuanzia mfuko wa kulia mpaka chumba cha dereva.

Mama huyo alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Rangi ya uso ilimbadilika mara moja tu, alipotajiwa homa. Alipotulia, hakuuliza habari za homa.

"Wakijua kwamba umeniletea mimi kitu hiki nyumbani, watakufanya nini?"

"Watachukua leseni."

"Na nini?"

"Wanaweza kunifunga, mama."

"Mume wako anajua?"

"Bado."

"Wakija, koti halikuwa na kitu," mama mkwe alisema. "Mimi hupindua mifuko kabla ya kuloweka, siku zote. Sikukuta kitu. Kichupa chao wakakitafute hukohuko kwao."

"Mama, haiwezekani. Kichwa kinakuuma tangu jana."

"Kichwa changu kiliniuma kabla wewe hujazaliwa." Aliinuka, akajishika kiuno kidogo, akakaza kile kitambaa kwa meno. "Nimezika mume, nimezika mtoto mmoja. Sitakaa niangalie nyumba ya huyu aliyebaki inabomoka kwa ajili ya kipande cha kioo. Wewe nyamaza tu. Mimi ndiye mkubwa hapa."

Gari lilifika baada ya nusu saa. Walishuka watatu, wamevaa magauni ya plastiki na barakoa, na majirani wakaanza kujitokeza mmojammoja kwenye madirisha. Afisa wa afya alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kubembeleza, daftari lake amelifunika nailoni. Hakuingia mpaka ndani. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye kigoda, akawasalimu kwa adabu, akauliza.

"Mama, wewe ndiye uliyefua koti la daktari?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuta nini mifukoni?"

"Hakuna kitu. Mifuko naipindua kabla ya kuloweka. Kalamu ilikuwepo moja, nimeiweka dirishani, nendeni mkaichukue kama mnaitaka."

"Na huo mkono?"

"Kisu. Nilikuwa namenya vitunguu." Akacheka, kicheko chake kilekile cha siku zote. "Uzee huu, binti yangu. Macho yako huku, kisu kiko kule."

Afisa aliandika. Ungemwona alivyoandika ungejua kwamba ameamini, au ametaka kuamini, maana naye alikuwa na watoto nyumbani na hakuwa na hamu ya kuigusa homa ile. Alimgeukia daktari. "Basi, Dokta, itakuwa ilipotelea hospitali. Tutafanya uchunguzi huko. Ni uzembe, lakini si mkubwa hivyo."

Njia ilikuwa wazi. Mbele yake alisimama mtu mzima, mama wa mumewe, aliyetoa neno lake mbele ya wageni na mbele ya mtaa mzima, na kwa miaka mitatu neno la mama huyo halikuwahi kupingwa ndani ya ua ule. Mama mkwe alimtazama moja kwa moja. Macho yake yalikuwa mekundu. Daktari aliyaona macho hayo kwa mara ya kwanza tangu afike, akaelewa kwamba hakuyatazama mapema kwa sababu hakutaka kuyaona.

"Mama anadanganya," alisema.

Neno hilo hata watoto hawamwambii mkubwa. Husema amesahau, amekosea, amechanganya. Majirani wa dirisha la pili walilisikia, na mmoja akajiziba mdomo. Mama mkwe alikaa juu ya kigoda taratibu, na uso ukamshuka, na kwa kitambo akawa bibi kizee ambaye daktari hakuwahi kumwona.

"Si kisu," Dokta Mbio aliendelea, na machozi yalikuwa yanamtiririka lakini hakuyafuta. "Ni kichupa cha damu ya dereva. Nilikibeba mimi mfukoni, nikakisahau mimi. Kilimkata Jumamosi. Anaumwa kichwa na viungo tangu jana. Mpime."

Mmoja wa wale wenye barakoa alisogea na kipimajoto kile cha kuelekeza kwenye paji la uso. Kililia. Alikitazama, akakielekeza tena, kikalia tena.

"Thelathini na nane nukta sita."

Afisa alipiga hatua moja nyuma, kisha akajikaza akarudi palepale. Alifungua ukurasa mpya wa daftari. "Sasa, Dokta, unaijua kazi hii. Nani amekaa naye karibu tangu jana? Aliyemlisha, aliyelala naye, aliyemshika. Wote wanakwenda karantini."

"Mimi," alisema daktari.

"Na nani mwingine?"

Nyuma ya mlango televisheni ilikuwa ikiimba nyimbo za watoto, na Kisauti alikuwa akiimba nayo, hajui maneno, anafuata sauti tu. Dokta Mbio alitazama chini. Aliona kile chumba, na godoro, na ufagio. Ujasiri wa kumwita mama mkwe mwongo mbele ya watu ukamwishia hapo.

"Mimi tu," alisema.

Kalamu ya afisa ilianza kuandika. Mama mkwe aliinua kichwa. Alimtazama mke wa mwanawe kwa muda mrefu, bila hasira, kisha akamgeukia afisa.

"Andika na mtoto," alisema. "Yuko ndani. Analala kifuani pangu, na leo nimemlisha kwa mkono huu."

"Mama," daktari alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Umeshaanza, tumalize." Akaendelea kumtajia afisa, mmojammoja, polepole, kama anamwagiza dukani. Jirani wa kulia, aliyekuja jana kuazima ndoo na kumpa mkono. Mwenye duka, hapana, huyo hakumgusa. Mtoto alikunywa maji kwenye kikombe chake usiku. Yeye mwenyewe alimsuka mtoto nywele asubuhi. Kila alilotaja lilikuwa kweli, na kila moja lilimwingia daktari kama sindano.

Ndipo mlango ukafunguka. Kisauti alikuwa amechoshwa na televisheni. Aliwaona wageni wenye mavazi ya ajabu, akaogopa, akafanya alichofanya siku zote akiogopa: alimkimbilia bibi yake, mikono juu, abebwe.

Bibi yake alisimama haraka, kigoda kikaanguka. Akaificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akaanza kurudi kinyumenyume, mpaka alipogonga ukuta, huku mtoto akizidi kumfuata.